Shuka Katikati ya Banda la Video

Mke wangu alipokufa mimi nilikuwa ndani ya shimo. Nilikuwa nachimba choo cha mtu kule Nkuhungu, kina kimeshanipita kichwa, na waliokuja kuniita wakawa wanainama kwenye mdomo wa shimo na kujikwaa kwenye maneno. Nikasema nimeelewa. Nikapanda ngazi, nikaweka sururu pembeni, nikaosha miguu. Watu walilisema sana hilo la kuosha miguu. Walisema mtu anaambiwa mkewe amefia hospitali naye anasugua visigino. Ni kweli nilivisugua. Vilikuwa na udongo.

Hizo zilikuwa enzi za ruksa. Nyuma yake tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni na sukari, halafu ghafla kila kitu kikaja kwa pamoja, mitumba, redio kubwa, mafuta ya kujipaka ya kila harufu, na watu wa ofisini wakaanza kujenga. Mtu akipata kiwanja, kabla ya nyumba anataka choo. Mimi shule niliishia darasa la pili, la tatu nililionea dirishani, lakini udongo wa Dodoma niliujua, na kazi ya choo haina mtihani. Nilichimba sana. Ukitembea Nkuhungu leo, chini ya miguu yako kuna mashimo yangu mengi, Mungu anisamehe, yenyewe hayajatitia.

Nilikuwa nasema juu ya msiba. Mfiwa hachimbi kaburi la mkewe. Aketi kwenye mkeka, apewe pole. Basi mimi mchimbaji niliketi, vijana wakachimba, na upepo ulipovuma kutoka upande ule nilisikia sururu zao zikigonga mwamba, nikajua wamelikuta lile gumu jeupe na wanalipiga usoni badala ya kulifuata ubavuni. Hayo ndiyo niliyoyawaza. Watu wakanishika mkono, wakaniambia pole, nikasema tumeshapoa. Ugali wa uwele na mlenda vilipoletwa nikala. Ndugu wa marehemu walinitazama nikila.

Mwanamume halii hovyo, hilo tunajua. Lakini hata asiyelia hushika kichwa, huegemea ukuta. Mimi nilikuwa mzima kabisa. Kitu kimoja tu kilinisumbua, nacho kilikuwa kidogo. Nilikuwa nataka kukumbuka kicheko cha mke wangu. Nilikumbuka ndala zake, kisu chake cha mboga kilichokatika mpini, namna alivyofunga kanga. Kicheko nacho nilijua kilikuwaje kwa kukieleza: kilikuwa kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye kibuyu cha shingo nyembamba, yanakwama, yanagugumia, halafu yanatoka yote kwa mara moja. Kukieleza niliweza. Kukisikia masikioni sikuweza. Nilijaribu pale mkekani watu wakinipa pole, ikawa kama kupiga ukuta.

Sasa nimlete mtani wangu. Wahehe na sisi Wagogo ni watani tangu vita vya babu zetu. Wao walituchukulia ng'ombe, sisi tukabaki tunawachukulia maneno. Huyu alikuja Dodoma akiwa utingo wa lori, akaona njia ya Iringa ni ndefu, akabaki. Ruksa ilipoingia akanunua televisheni na deki, akajenga banda la mabati na magunia karibu na kwetu, akawa anaonyesha kanda za video. Siku ya maziko alitenda kazi yake ya utani sawasawa. Jeneza lilipofika, aliruka ndani ya kaburi akalala chali, akasema hatoki, hili shimo limechimbwa na wajinga, mchimbaji mwenyewe kaketi anakula mlenda. Watu wakacheka huku wanalia. Ndiyo kazi ya mtani, na bila yeye msiba wa kwetu haunyooki. Wakamtoa kwa kumpa kuku. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nikaona tu kwamba shati lake limeingia vumbi mgongoni.

Tulikuwa na watoto wawili. Binti wa kwanza alikuwa darasa la pili, tumelingana elimu, na mdogo wake wa kiume alikuwa bado hajaanza shule. Msiba ulipokaribia kumalizika, mjomba wa marehemu akaniita pembeni. Akaniambia mama mkwe wangu amesema tanga likianuliwa atarudi kwake na wajukuu zake. Kwake ni mbele ya Buigiri, unashuka barabarani halafu unatembea. Mjomba alisema kwa heshima, lakini akamalizia kwamba nyumba isiyo na machozi haifai kulelea yatima.

Nikamwambia watoto hawaendi. Ng'ombe nilitoa, zote, na zizi wanalijua. Watoto ni wangu.

Nikwambie ukweli, sikujua kama nilikuwa nawataka au nilikuwa nalinda haki yangu tu. Wakati ule vitu hivyo viwili vilikuwa na uzito mmoja mkononi. Dada yangu aliyekuja kutupikia alikuwa na shamba lake na mume wake, alishaanza kuulizia lori. Mimi asubuhi naingia shimoni, jioni natoka. Watoto wangekaa na nani? Swali hilo nililiona vizuri, kama mtu anavyoona mlima, bila kwenda.

Na kuzungumza na mama mkwe mwenyewe haikuwezekana. Vijana wa siku hizi wanapiga picha na mama wakwe zao wamekumbatiana, sijui. Sisi mkwe hatazamwi. Nikimwona njiani naingia vichakani, naye anageuka anajifunika kanga mpaka nipite. Miaka yote ya ndoa yangu nilijua visigino vyake na kanga zake, na sauti yake niliisikia kwa mbali ikimwita mbuzi. Hata msibani alikaa ndani na wanawake, mimi nje. Neno lake lilipita kwa mjomba, neno langu likarudi kwa mjomba, na kila likirudi lilikuwa limeongezwa chumvi.

Siku ya kuondoka ikafika. Lori la kwenda upande wao lilikuwa liondoke mchana. Mama mkwe akafunga mizigo yake, na nguo za watoto akazifunga humo humo bila kuniuliza. Dada yangu akazifungua. Wakafungiana na kufunguliana hivyo kwa adabu kubwa, hakuna aliyepaza sauti. Halafu mtu akauliza, watoto wenyewe wako wapi?

Hawakuwepo.

Wakatafutwa bombani, wakatafutwa kwa jirani. Ndipo akaja mtu na ujumbe kutoka kwa mtani wangu. Mtani amewateka. Amewateka kwa haki ya utani, wako bandani kwake, wanakula karanga. Wakombolewe. Mama mkwe alete jogoo, na mimi nichimbe choo cha banda lake, kwa sababu wateja wanakojoa ukutani na ukuta ni gunia. Na tuje sote wawili. Mmoja akija peke yake hampi hata kandambili ya mtoto.

Mjomba wa marehemu alikasirika, akasema huu sasa ni uhuni. Lakini wazee wakamwambia huwezi kumkatalia mtani ndani ya msiba, ukimkatalia umekata kamba. Mama mkwe akasikika kutoka ndani akiagiza jogoo akamatwe.

Tukaenda. Yeye mbele na wanawake, mimi nyuma sana na sururu begani, sijui kwa nini nilibeba sururu, labda kwa kuwa mkono ulizoea. Tulipofika, mtani alikuwa ameshajiandaa. Alikuwa ametundika shuka kwenye kamba katikati ya banda, kutoka mlangoni mpaka karibu na televisheni. Akasema upande huu wanaume na mashimo yao, upande ule wanawake na jogoo wao, hakuna atakayemwona mwenzake. Televisheni inaonekana pande zote.

Ndani kulikuwa giza la mchana, lile la gunia, lenye vitundu vya mwanga. Watoto wangu walikuwa mbele kabisa kwenye mkeka, katikati, shuka linaishia nyuma ya vichwa vyao. Hawakugeuka kututazama. Macho yao yalikuwa kwenye kanda.

Kanda ilikuwa ya karate, ya kuchekesha, ile ambayo mama anaweza kukaa na mtoto bila kumfunika macho. Waliocheza ni watoto. Kulikuwa na mvulana mnene na msichana mwenye pengo, wanaishi na bibi yao kwenye shamba la bata, mahali pa maji mengi mno, maji yamesimama tu bure pande zote, kitu ambacho mtu wa Dodoma akikiona anapata hasira. Wezi wanakuja kuiba bata. Watoto wanawapiga wezi kwa miiko, kwa ndoo, kwa mateke ya kurukia ukutani, na bata nao wanaingia vitani. Hakuna anayekufa. Mwizi akipigwa anatoa sauti kama filimbi.

Maneno yalikuwa ya Kichina au ya huko huko. Mtani wangu hakujua hata moja. Alikuwa anakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa pembeni ya televisheni na kutafsiri yote, wala hakuna mteja aliyewahi kulalamika.

Akapunguza sauti ya kanda, akaanza kazi yake nyingine. Alisema, "Mkwe wa kiume, mama anauliza wajukuu watapikiwa na nani."

Mama mkwe hakuwa amesema kitu. Au alinong'ona, sikusikia.

Nikasema, "Mwambie ng'ombe nilitoa."

"Hilo silibebi."

"Libebe. Ndilo jibu langu."

"Ng'ombe hazipiki," akasema. "Nimekuuliza sufuria unaniletea zizi. Tafuta lingine."

Upande wa pili wa shuka jogoo akajitingisha mapajani mwa mtu. Mtani akasubiri, akaona siongezi, akaongeza sauti ya kanda na kuendelea kutafsiri.

Nilitazama. Watoto wangu walikuwa wanacheka, mdogo alikuwa anapiga magoti yake kwa viganja. Tangu siku ya maziko sikuwa nimewasikia wakicheka, na niliwaza kwamba baba mwingine angefurahi hapa. Niliwatazama kama mtu anavyotazama mvua ikinyesha kwenye shamba la kijiji cha pili.

Kwenye kanda akatokea mtu mmoja mrefu, mwembamba, mwenye kofia iliyomzidi. Sijui alikuwa nani kwa wenyewe waliomtengeneza. Labda mpangaji, labda mwizi aliyetubu. Mtani wangu alikohoa, akasema, "Huyu sasa ndiye mkwe. Amemwoa binti wa bibi. Ni mchimba vyoo."

Mjomba wa marehemu aliyekuwa nyuma yangu akasema, "Wewe."

Mtani akaendelea kama hakusikia. Kwenye kanda, bibi wa bata alikuwa anakoroga chungu, na yule mrefu akanyata nyuma yake kudokoa. Bibi bila kugeuka akarusha teke la nyuma, mzee yule, likampata mkwe kwenye makalio, akaruka akaangukia kwenye chungu cha uji. Akatoka na uji kichwani. Akajaribu kusujudu kuomba radhi, akateleza, akamshika bibi mguu. Bibi akamtandika mwiko.

Mama mkwe kumpiga mkwe teke. Mkwe kumshika mama mkwe mguu. Mbele ya watoto. Nakwambia banda lote lilikatika pumzi, pande zote za shuka. Wanawake hawakusogea. Mimi nilitazama chini kwenye sururu yangu. Hata mtani aliona amezidisha, nikaona mkono wake unaenda kwenye kitufe cha deki.

Ndipo nikasikia kibuyu.

Kilianza kukwama. Kikagugumia, kama maji yamekutana na hewa shingoni. Halafu yakatoka yote. Kilitoka nyuma ya shuka, kwa mtu mzima, kinene kidogo, kimechoka kidogo, lakini kilikuwa chenyewe. Kikafika mwisho na kuvuta ile pumzi ya ndani, vile vile alivyokuwa akivuta mke wangu, halafu, "Jamani, yule mtu na uji wake," na kikaanza upya.

Sikuwa nimewahi kumsikia mama mkwe akicheka. Ningemsikilia wapi? Miaka yote alikuwa akiniona anafunika mdomo.

Wanawake wengine wakacheka, halafu mjomba, halafu banda zima. Watoto wangu wakageuka kwa mara ya kwanza, sio kunitazama mimi. Walitazama upande ule. Binti yangu alikuwa amekunja uso, kama mtu aliyeitwa jina lake sokoni na hajui nani amemwita. Mdogo wake alinyanyuka kabisa kutoka mkekani, akazunguka ncha ya shuka, akaenda.

Huko nyuma niliwahi kuulizwa, baada ya kusimulia hili, kama nililia hapo. Hapana. Ningependa kusema nililia, hadithi ingekaa vizuri. Sikulia. Kifua kilikuwa vile vile. Ila nilijua jambo moja kwa uwazi, kama unavyojua sururu ikigusa maji: kile nilichokuwa nakitafuta kwenye mkeka sikuwa nacho mimi, na wala sitakuwa nacho. Yeye alikuwa nacho. Mtoto akikulia kwangu atasikia sururu.

Nikamwita mtani. "Mwambie mama watoto waende naye."

Akageuza ndoo yake. "Unasemaje?"

"Waende."

"Wote wawili?"

"Wote. Mmoja atabaki afanye nini?"

Mtani akafungua mdomo alipeleke neno langu upande wa pili, kama kazi yake ilivyo, lakini halikuhitaji kupelekwa, shuka ni shuka tu. Halafu mama mkwe akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya na hakulirudia. Alizungumza na mimi.

"Mwanangu," akasema, "mvua zikikatika uje uwaone."

"Nimesikia, mama."

"Usiwe unakula peke yako umesimama. Marehemu aliniambia unakula umesimama."

"Ndiyo, mama."

Basi, ni hayo tu. Mjomba wa marehemu alitoka nje kana kwamba ameona watu wako uchi.

Lori lilianza kupiga honi huko sokoni. Mtani akachukua jogoo wake, akawarudisha watoto rasmi, akawatangaza wamekombolewa. Kanda ilikuwa haijaisha. Wezi walikuwa wamerudi kwa wingi, wamezunguka shamba lote, na bibi amefungwa kamba kwenye nguzo. Binti yangu alisimama mlangoni kwenye mwanga, akauliza inaishaje. Mtani akamwambia atakaporudi atamwonyesha. Dada yangu akazifunga zile nguo za watoto mwenyewe safari hii. Nikampandisha mdogo kwenye lori, nikamwambia binti awe anamsaidia bibi maji. Akasema shikamoo, ndivyo kuagana kwetu kulivyokuwa, nikasema marahaba. Lori likaondoka na vumbi lake.

Nilirudi nikachimba kile choo. Fidia ni fidia. Nilichimba nyuma ya banda, udongo mwekundu juu, halafu lile gumu jeupe, nikalifuata ubavuni. Mtani wangu ile kanda aliipenda, au wateja waliipenda, maana aliionyesha mpaka picha ikaanza kunyesha mvua. Mimi sikuingia kuitazama. Nilikuwa naisikia kutoka chini. Nikiwa nimefika kiunoni nilikuwa nasikia vizuri, nikifika kifuani nasikia bata na mateke, nikipita kichwa nasikia tu vile banda linavyotikisika watu wakicheka. Ikifika pale pa uji nilikuwa nasimamisha sururu. Vicheko vya watu vilikuwa vingi, vya kila namna. Nasikiliza mpaka viishe, naendelea.

Mvua zilipokatika nilienda, na nilikuwa naenda kila mwaka, na mama mkwe alikuwa anageuka na kujifunika kanga kama kawaida, na yale yetu ya bandani hakuna aliyeyataja. "Mbukwenyi," nawasalimu kwa mbali, wananiitikia wengine. Nilikuwa nakaa nje ya ua na watoto, ndani kunapikwa. Mara nyingine kibuyu kilikuwa kinasikika. Nilikuwa nakula nimekaa.

Ameshazikwa naye siku nyingi. Mtani alirudi kwao Iringa, banda likawa duka la simenti. Mdogo anaendesha malori, anapita hapa kama upepo. Binti yangu amejenga Nzuguni, ana watoto, na ndiko ninakoishi sasa, chumba cha uani, choo sikuchimba mimi na kinaonekana. Majuzi wajukuu walikuwa wanatazama kitu cha kupigana kwenye televisheni, watoto wadogo wanaruka ukutani, binti akiwa anachambua mchele akaniuliza bila kuinua kichwa. Akasema, baba, ile kanda ya bata iliishaje? Hakuna aliyewahi kunimalizia.

Nikamwambia mimi mwisho wake sikuuona. Niliusikia tu, kutoka shimoni. Akasema niseme hivyo hivyo nilivyosikia. Nikamwambia kwanza kulikuwa na kimya kirefu, nadhani watoto walikuwa wananyata. Halafu kamba ikakatwa. Halafu bata wote wakaachiwa kwa pamoja, na mtu mmoja, nadhani ni yule mrefu, akaangukia tena kwenye uji.

Akacheka. Nikasikiliza kwanza mpaka akamaliza, ndipo nikaendelea.